Boksi la Gitaa: Tununue, Tuchonge, au Tuliache?

MPIGA SOLO: Gitaa la umeme lisilo na boksi lake ni nusu chombo. Kijana anayechomeka waya kwenye miksa, kisha akangoja sauti yake imrudie kutoka kwenye spika za ukumbi, ameukabidhi mkono wake kwa mtu mwingine. Mimi nikigusa uzi nataka hewa iliyo nyuma yangu itikisike papo hapo. Nikipapasa, boksi linong'one. Nikikaza, lilie. Kwa hiyo kwangu swali si kununua au kutonunua. Swali ni boksi gani kwa mwenye fedha kidogo.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Shikamoo, mzee. Umelifunga swali ambalo kwa rika langu ndilo la kwanza. Napiga kanisani kila Jumapili, napiga kwenye mikesha, na harusi mbili tatu kwa mwezi. Nina pedali moja ya kidijitali, ukubwa wake kama sahani ya wali. Ndani yake kuna nakala ya sauti ya boksi, iliyopimwa kwa maikrofoni mbele ya spika halisi. Waya mmoja unakwenda kwenye miksa, kazi imeisha. Napanda daladala na vyombo vyangu vyote mgongoni. Hilo boksi lako nitalipakata?

FUNDI WA MABOKSI: Marahaba yako ataitikia mzee, mimi nataka tutaje uzito kwanza. Boksi la spika moja ya inchi 12, likichongwa kwa plaiwudi, lina kilo 12 mpaka 15 hivi. La spika nne linavuka 35. Ni vitu viwili tofauti, na mabishano mengi ya wapigaji yanatokana na kuvichanganya.

MPIGA SOLO: Marahaba, binti.

MWANDISHI: Niseme ninachotafuta, ili tusibishane hewani. Nina kichwa cha ampli cha wati 20, cha valvu, hakina spika. Nina laki tano. Mazoezi nafanyia chumba cha kupanga, na mara mbili kwa mwezi tunapiga kwenye baa yenye viti kama 60. Naamini mtu wa aina yangu ndiye anayeumizwa zaidi dukani. Mwenye fedha akikosea atanunua tena. Sisi tukikosea tunapiga miaka mitano na kosa lile lile.

FUNDI: Basi anza na namba ambayo muuza duka hatakutajia. Atakutajia wati: wati 500, wati 1,000, zimechapwa kwa dhahabu. Wati za spika zinakwambia inavumilia nguvu kiasi gani kabla koili haijaungua. Hazikwambii italia kiasi gani. Namba ya mlio ni desibeli, zinazopimwa mita moja mbele ya spika ikipewa wati moja tu. Spika za gitaa zilizozoeleka husimama karibu na 98. Celestion Seventy 80, ambayo ni ya bei nafuu miongoni mwa zilizopo, ina 98 na inavumilia wati 80. Vintage 30 ya kampuni hiyo hiyo ina 100, inavumilia 60. Spika nyingi za besi za magari, zile nzito zenye ukingo wa mpira, zinacheza kwenye 85 mpaka 88.

MPIGA SOLO: Hapo umenigusa. Niliwahi kuuziwa spika ya namna hiyo. Sumaku kama jiwe la kusagia, imeandikwa wati 1,000, bei rahisi. Nikaifunga kwenye boksi zuri, nikaenda nayo kazini. Usiku mzima mpiga ridhimu ananitazama, ananiuliza kwa macho: mbona hupigi? Nilikuwa napiga. Sauti ilikuwa inavumia ndani kama mtu aliyefunikwa blanketi.

FUNDI: Na hesabu yake iko wazi, mzee. Kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Spika ya 88 inahitaji wati 200 ili ifikie mlio ambao spika ya 98 inautoa kwa wati 20. Ndugu yetu ana wati 20. Akinunua spika ya gari, amenunua boksi na bado anadaiwa ampli.

Kisha kuna koni yenyewe. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi unatoa mitikisiko 82 kwa sekunde. Spika ya gitaa inaanzia karibu na hapo, inapanda mpaka kama 5,000, halafu inaporomoka. Kuporomoka huko ndiko kunakokata mikwaruzo ya juu inayochoma masikio. Koni yake ni karatasi nyepesi, ukingo wake ni karatasi iliyokunjwa. Ndiyo maana nawaambia watu, spika ya gitaa ikiungua msimpe fundi yeyote aitie koni yoyote aliyonayo. Itarudi ikilia, lakini itakuwa spika nyingine.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Fundi, namba zako nazipokea, na nitazitumia dhidi yako. Umesema desibeli 98 kwa wati moja. Ndugu yetu anafanyia mazoezi chumba cha kupanga. Wati moja tu, si 20, tayari ni kelele ya kumgonganisha na mwenye nyumba. Tena si majirani peke yao. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Pigeni hesabu mpaka 97. Ni nusu saa! Nusu saa ya mazoezi, kisha sikio linaanza kulipa. Mimi na hedifoni zangu naamka saa kumi alfajiri, napiga skeli, mtoto amelala pembeni.

MWANDISHI: Hili sina jibu lake. Mazoezi yangu mengi ni ya usiku.

MPIGA SOLO: Ampli ina kitasa cha sauti, binti. Si lazima wati moja. Sehemu ya kumi ya wati inatosha chumbani.

FUNDI: Inapunguza desibeli 10. Kutoka 98 tunashuka 88. Bado ukuta wa jirani utasikia. Dada yuko sahihi, na mimi ninayeuza maboksi lazima niseme hivyo: kwa mazoezi ya chumbani, spika ya inchi 12 ni kubwa kuliko haja. Inchi nane inatosha, au hedifoni.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Basi nusu ya swali imekwisha.

MPIGA SOLO: Haijakwisha, kwa sababu mazoezi uliyoyataja ni ya vidole. Mazoezi ya muziki ni ya watu. Wewe umekulia kwenye kwaya yenye miksa na fundi mitambo wake. Mimi nimekulia kwenye dansi. Solo, ridhimu, besi, na bendi ikijaliwa, solo la pili. Wimbo unaanza taratibu, tunasimulia kisa, halafu chemko linaingia na magitaa yanaanza kujibizana. Solo anatupa, wa pili anadaka, ridhimu anafuma katikati. Mchezo huo hauchezeki kama sauti zetu zote zinatoka kwenye tundu moja mwisho wa ukumbi. Nataka kumsikia mwenzangu kutoka aliposimama. Kushoto kwangu analia, kushoto kwangu namjibu.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Na wengine jukwaani je? Mzee, niruhusu niseme lililoniuma. Nilikuwa naimba alto kabla sijashika gitaa. Kulikuwa na mpiga solo aliyekuja na boksi lake mwenyewe, spika mbili, akaliweka nyuma ya mstari wetu. Miezi minane sikuisikia sauti yangu. Akiambiwa apunguze, anapunguza kwa nyimbo mbili, ya tatu amerudi pale pale. Uhuru wake wa kuitikisa hewa ulikuwa ni ukiziwi wetu sisi kumi na wawili. Kwenye miksa, mtu wa mitambo anamshusha kwa kidole kimoja na ibada inaendelea. Mnaponiambia nimekabidhi mkono wangu kwa mtu mwingine, nasema ndiyo, nimemkabidhi mtu aliyekaa pale wanapokaa watu. Yeye anasikia wanachosikia wao.

MPIGA SOLO: Mpigaji huyo alikosa adabu. Usilihukumu boksi kwa kosa lake.

FUNDI: Si adabu peke yake, mzee. Nimeliona jambo hili mara nyingi. Spika ya inchi 12 inazitupa sauti nyembamba mbele yake kama mwanga wa tochi. Aliyesimama ndani ya mwanga anachomwa, aliye pembeni anasikia mvumo tu. Sasa mpigaji analiweka boksi sakafuni, anasimama hatua moja mbele yake. Tochi inamulika magoti. Magoti hayasikii. Anahisi sauti yake haina makali, anaongeza. Wanaochomwa ni walio mbele mita nne, yeye hana habari. Huyo mtu pengine aliamini kwa dhati kwamba sauti yake ni ndogo.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Sikuwahi kulifikiria hivyo.

FUNDI: Dawa yake haina gharama. Lipandishe juu ya kreti la soda, au liegemeze lilale nyuma kidogo, spika imtazame mpigaji usoni. Atapunguza mwenyewe, bila kuambiwa.

MPIGA SOLO: Sisi tuliegemeza kwenye viti. Hatukujua sababu, tulijua tu kwamba hivyo ndivyo inavyopendeza.

MWANDISHI: Tumalize habari ya spika nne. Nimeonyeshwa boksi la mtumba la spika nne za inchi 12, na bei yake iko chini ya boksi jipya la spika moja. Moyo wangu ulilitaka. Nani asiyelitaka? Ni sura ya gitaa la umeme lenyewe.

FUNDI: Ujue kwanza kwa nini lilizaliwa. Ni London, 1962. Jim Marshall anaanza kuuza ampli dukani kwake, na spika za wakati ule zinavumilia wati 15, wati 20, 25 zikizidi. Ampli kubwa ikiunguruma, spika moja inakufa, mbili zinakufa. Zikawekwa nne ili zigawane mzigo. Vox AC30 ilikwenda njia hiyo hiyo: wati 30, spika mbili za wati 15. Zaidi ya hapo, gitaa halikuwekewa maikrofoni kama leo. Boksi ndilo lililobeba ukumbi mzima. Leo spika moja inavumilia wati 60 au 80. Na baa yako ya viti 60 ina spika za ukumbi tayari.

MPIGA SOLO: Lakini sauti ya nne si sauti ya moja. Kuna uzito, kuna upana.

FUNDI: Upo, sikatai. Ila kifua chake hakifunguki mpaka uisukume, na ukiisukuma baa inahama. Bajaji moja itabeba wewe na boksi, ya pili ibebe nani? Ongeza hizo nauli kwa mwaka.

MPIGA SOLO: Basi alinunue alifungue. Spika nne ni maboksi mawili ya mbili, au mawili ya moja moja na akiba kabatini.

FUNDI: Hiyo ndiyo hekima niliyokuwa naingoja. Ila apime. Boksi la nne lililoandikwa omu 16 kwa kawaida lina spika nne za omu 16 kila moja, zimeunganishwa kwa jozi. Ukizichomoa, moja peke yake ni 16. Mbili ukiziunganisha sambamba unapata nane. Mbili za nane sambamba ni nne, na ukizifuatanisha ni 16. Kwa ampli ya valvu hii si hiari: namba ya boksi ilingane na tundu lililo nyuma ya ampli. Na usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa, utaunguza transfoma, na bei yake utaijutia. Ampli ya transista ina sheria nyepesi. Usishuke chini ya kiwango ilichoandikiwa. Ukipanda juu, unapoteza nguvu tu. Kutoka omu nne kwenda nane unapoteza desibeli tatu kwa kuzidisha, na mtu hasimamishi dansi kwa desibeli tatu.

MWANDISHI: Na spika ya mtumba naipimaje mbele ya muuzaji?

FUNDI: Uwe na mita. Spika ya omu nane husoma sita mpaka saba hivi, kwa sababu mita inapima waya wa koili peke yake. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, ondoka. Weka vidole vya mikono miwili kandokando ya kitovu cha koni, sukuma polepole, sikiliza. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda au imevimba kwa moto. Kisha betri ndogo ya volti moja na nusu: gusa tu, chanya kwa chanya, uachie. Koni iruke mbele. Kama ziko mbili ndani ya boksi, ziruke pamoja upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma zinauana, na utalaumu ampli bure. Mwisho, pigia uzi mnene kwa nguvu, usimame mita tatu, pembeni kidogo. Skrubu zilizolegea na mbao zilizoachana zitajitaja zenyewe.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Kwa laki tano hiyo hiyo, mimi ninge­mwambia atafute spika moja yenye ampli yake ndani, ya ukumbini. Leo inakuwa monita yake, kesho anachomeka kinanda, keshokutwa maikrofoni ya mwenye harusi. Boksi la gitaa linajua kazi moja. Mtu wa kipato chetu ananunuaje kitu kinachojua kazi moja?

FUNDI: Wazo lina mantiki, mradi apitie pedali yenye nakala ya boksi. Bila hiyo, twita itamwagia watu mikwaruzo yote ambayo spika ya gitaa ingeifuta.

MPIGA SOLO: Na siku umeme unaporuka? Ndani ya spika hiyo kuna bodi ya saketi. Ikiungua, fundi anakwambia kipuri hakipo, nunua nyingine. Boksi langu halichomekwi ukutani. Halijui volti. Hata likitoka Japani, kwenye umeme wa volti 100, linafanya kazi hapa kama kule. Lina mbao, waya mbili na sumaku. Spika niliyonayo leo niliikuta bendi nilipoingia, na bado inalia.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Na koili hazikuungua kwako?

MPIGA SOLO: Ziliungua mbili. Nilizisuka upya mwenyewe, nikiwa kijana.

MWANDISHI: Turudi kwa fundi. Kuna wanaosema, nunua spika nzuri, mpe seremala achonge. Mimi naliunga mkono hili, na sababu yangu si bei peke yake. Boksi linaloletwa na meli limelipiwa usafiri wa hewa iliyomo ndani yake. Spika peke yake inakuja kwenye katoni ndogo, na mbao tunazo.

FUNDI: Tunazo, ila si kila mbao. Chipubodi na MDF ni nafuu na zinanyooka vizuri, lakini huku pwani unyevu unaziingia. Zinavimba pembeni, skrubu zinapoteza mshiko, na spika ya kilo nne inaanza kucheza. Plaiwudi ya milimita 18 ndiyo jibu. Mbao za msonobari, hizi za mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, nazo ni nzuri na nyepesi, mradi zimekauka kwelikweli. Mbao mbichi itapinda na gundi itaachia. Vipimo havitishi: upana sentimita 50, kimo 45, kina 28. Viungo vigundishwe na kubanwa, visipigiliwe misumari tu. Na tundu la spika alikate kwa kufuata fremu ya spika yenyewe, aiweke mezani aipime. Inchi 12 ni jina la ukubwa wake. Tundu lake ni dogo kuliko hapo.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Nyuma unaliziba au unaliacha wazi?

FUNDI: Hapo ndipo wateja wangu wanapogombana.

MPIGA SOLO: Wazi! Solo la dansi ni safi, halina mkwaruzo wa roki. Boksi la nyuma wazi linatoa sauti mbele na nyuma, mpiga tumba anaisikia, ridhimu anaisikia, nami sihitaji kuongeza.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Na maikrofoni za waimbaji walio nyuma yako zinaidaka. Ukiziba, sauti inakwenda mbele peke yake, mtu wa mitambo anajua iko wapi.

FUNDI: Ukiacha wazi, mawimbi ya nyuma yanazunguka na kuyala ya mbele kwenye sauti nene, kwa hiyo besi inapungua. Ukiziba, kifua kinarudi, lakini tochi inakuwa kali. Boksi moja halitawaridhisha nyote wawili, na mimi sitajidai kuwapatanisha.

MWANDISHI: Bado sijajibiwa lililo zito. Dada anasema mtu wa tatu, aliyekaa na watu, ndiye mwenye haki ya sauti yangu. Mzee anasema sauti ikitoka mkononi mwangu imeshakuwa si yangu. Baa ninayopiga haina mtu wa mitambo. Kuna kijana wa kaunta anayewasha miksa na kurudi kuuza soda.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Kama hakuna anayesikiliza kutoka kwa watu, basi hoja yangu moja imeanguka. Nakubali. Lakini hilo ni tatizo la baa. Mfundisheni kijana wa kaunta. Ninyi mnataka kila mpigaji aje na ukuta wake wa kujikinga, kisha mnashangaa watu wanaomba bili saa nne.

MPIGA SOLO: Watu wanaomba bili muziki usipokuwa na damu. Binti, umewahi kupiga na boksi zuri nyuma yako, ukumbini, na bendi kamili?

MPIGA GITAA LA KWAYA: Hapana. Na wewe, mzee, umewahi kuketi meza ya mbele usiku mzima ukilisikiliza boksi lako, gitaa likiwa mikononi mwa mwingine?

MPIGA SOLO: …Sijawahi.

FUNDI: Jumamosi kabla ya baa kufunguliwa. Nitaleta boksi la spika moja, plaiwudi, ubao wa nyuma umeshikwa na skrubu sita. Tutaufunga, tutaufungua.

MPIGA GITAA LA KWAYA: Nakuja na pedali yangu. Tunapiga wimbo ule ule, mara ya kwanza kwenye boksi, mara ya pili kwenye miksa. Mzee anakaa meza ya mbele.

MPIGA SOLO: Nitakaa. Lakini chemko likiingia, wewe ndiye utakayesimama mbele ya boksi.

FUNDI: Na wewe mwandishi, leta waya wa spika, usilete wa gitaa. Wa gitaa ni mwembamba ndani, na ampli yako ni ya valvu.